Redio Isiyokula Betri

Kwanza tafuta chupa ya jiki, tupu, iliyokauka.
Yetu ilikuwa na ufa shingoni, haikudhuru.
Waya tuliutoa tumboni mwa feni iliyoungua,
ya fundi Shekuwe wa Langoni,
aliyetupa bure kwa sharti moja:
mkewe asijue kuwa bado anaokota mafeni.

Mizunguko mia na ishirini.
Mimi nazungusha, Lali anahesabu.
Kwenye sabini na tatu mama akaniita nikamwage maji ya samaki.
Tukaanza moja.

Wembe ulikuwa wa marehemu baba,
umelala juu ya karo tangu alipouacha,
hakuna aliyethubutu kuutupa.
Tukauchoma kwa mshumaa
mpaka ukapata rangi ya shingo ya njiwa.
Kisha pini ya mtandio wangu,
na nchani mwa pini, risasi ya penseli.
Kisha sikio la simu ya mezani,
simu iliyokufa kabla Lali hajazaliwa.
Waya mmoja ukashuka kisimani umefungiwa jiwe,
tukausikia ukisema chubwi.

Ukabaki waya wa juu.
Huo hutaka urefu, na dari yetu ni fupi.
Ng'ambo ya uchochoro kuna dari ya khala Somoe.
Kati ya nyumba hizo mbili kuna wikio
alilojenga babu ili binti zake wasikanyage tope;
mlango wake ulizibwa kwa mawe na chokaa
mwaka wa kugawa mirathi. Minazi sita,
na kasha moja ambalo hata halifungi.
Miaka tisa mama na nduguye wanapishana madukani
kama punda na punda.

Lali akavuka usiku, kwa miguu mitupu, akafunga waya
kwenye msumari wa watu.

Hakuna betri. Hakuna umeme.
Nilipouliza inakula nini, Lali akajibu:
inakula sauti ile ile inayoisikia.
Nikasogeza pini juu ya wembe, unywele kwa unywele.
Kimya. Kimya. Mchakato kama wa mchele kwenye ungo.
Halafu mtu akakohoa.
Naapa, cha kwanza tulichosikia duniani
ni mtu anakohoa, mbali, karibu na sikio langu,
kisha akaendelea kusoma kwa lugha tusiyoijua.

Mama akasema ni majini.
Kesho yake, baada ya isha, akaomba zamu.
Ikawa kila usiku. Haelewi neno,
ila akilala mapema yule msomaji, mama hununa.

Alhamisi moja redio ikafa.
Nilibadilisha pini, nikauchoma wembe tena, wapi.
Mama akapanda darini na tochi.
Juu ya waya wetu: leso tatu, mbichi,
zikidondoka. Waya umelegea
mpaka umelalia ukuta, na ukuta umelowa.

Alisimama. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.
"Somoe! Toa nguo zako, wanizibia masikio!"

Ng'ambo hakukujibiwa.
Mbwa hana, upepo hakuna, hata jenereta la hoteli lilinyamaza.
Kisha:
"Msumari ni wangu."
Kisha, baada ya muda wa kukunja leso moja,
mbili,
tatu:
"Kwani yasema nini?"
"Sijui. Kuna mtu ana kifua."

Wikio bado limezibwa, nisikudanganye.
Khala alizunguka kwa njia ya chini, kwa mlango wa mbele,
na chupa ya asali, ya kifua, akasema,
halafu akacheka peke yake.
Sikio moja halitoshi watu wawili.
Lali akaliweka ndani ya bakuli la shaba,
sauti ikapanda kidogo,
na vichwa viwili vikainama juu yake
kama wanaonusa wali kujua umeungua au bado.
Mirathi haikutajwa. Hakuna aliyeomba radhi.

Ukiijenga yako, shika hili:
pini isikandamize wembe. Iguse tu.
Ukikandamiza, hunyamaza.
Na leso, aniken kwingine.